Mvua ikinyesha mtoto analala na viatu. Tumsaidieje?

Mwalimu wa Tatu B: Wakuu, naomba ushauri. Nina mwanafunzi wa miaka 9 aliyenusurika maporomoko ya matope ya Mlima Hanang, yale ya tarehe 3 Desemba 2023 yaliyofika hadi Katesh. Anaishi na bibi yake. Wingu likitanda tu, kalamu chini, macho dirishani. Usiku mvua ikipiga bati anavaa viatu ndipo alale, na siku hizi anakojoa kitandani. Bibi anasema ataisahau tu.

Nesi Mstaafu: Pole na kazi, mwalimu. Mwezi wa kwanza hofu ya namna hiyo ni kawaida, na wengi hutulia wenyewe. Ikishavuka mwezi na bado inaharibu usingizi na masomo, kusubiri asahau hakusaidii. Viatu asivuliwe kwa nguvu, mwili wake umejiandaa kukimbia. Viwekwe pembeni ya kitanda pamoja na tochi, bibi amwambie, "Viatu viko hapa, macho nitakesha mimi." Asimwahidi kwamba mlima hautaporomoka tena, nani ana uhakika huo? Amwoneshe njia watakayopita na atakayemshika mkono. Shuka lililolowa libadilishwe kimyakimya, bila kumsema.

Kaka Mkubwa: Mkalisheni asimulie yote mpaka alie, litamtoka.

Mshauri Nasaha: Hapana mkuu. Kumlazimisha asimulie kunaweza kumrudisha kwenye tope lilelile. Mpe karatasi na rangi, akitaka kusema msikilize, akinyamaza mwache. Akirudiarudia mchezo wa kufukia na kufukua, usimkataze. Ila kama kila mara unaishia kwenye kifo na anatoka ameogopa zaidi, mwingizie mwokoaji kwenye mchezo.

Hofu ya mvua inapunguzwa kidogokidogo. Kwanza sauti ya mvua kwenye simu, chini kabisa, dakika 5. Halafu dirishani wakati wa manyunyu, kisha barazani. Hatua moja irudiwe mpaka aizoee. Wengi hukosea hapa: hofu ikipanda wanamkimbiza ndani, naye anajifunza kwamba kukimbia ndiko kulikomwokoa. Punguza sauti, kaa naye, pumueni pamoja: kuvuta hesabu 4, kutoa hesabu 6. Kupumua huko afundishwe siku ya jua, maana aliyeshikwa na hofu hafundishiki.

Nesi Mstaafu: Na asinunuliwe dawa za usingizi dukani. Diazepamu si tiba ya hofu hii kwa mtoto. Nendeni kwa ofisa ustawi wa jamii wa wilaya, au pigeni 116, simu ya mtoto, bure. Akisema anataka kumfuata marehemu, hospitali siku hiyohiyo. Kama kuna aliyefariki, asiambiwe "amelala". Usiku ataogopa kufumba macho.

Mwalimu wa Tatu B: Asanteni. Hiyo sauti ya mvua nianze nayo darasani?

Mshauri Nasaha: Nyumbani, mchana, bibi akiwa pembeni. Darasani wenzake watamcheka. Wewe mhamishie tu dawati, akae anapouona mlango.