Mrejesho: kompresheni ya injini ya lori niliyofanyia ovahoo

Wakuu nimerudi kama nilivyoahidi. Niliuliza kompresheni (yaani ujazo pistoni ikiwa chini kabisa ukigawanya kwa ujazo ikiwa juu kabisa) ya hii V8 ya petroli nikasema kwa hesabu zangu inakuja 9.9 kwa 1, kumbe nilisahau unene wa gasketi ya hedi na ile 0.6 mm ambayo pistoni ikifika juu inabaki chini ya uso wa bloku, aibu! Nimepima upya, chemba ya kuchomea mafuta kwenye hedi nimeifunika kioo chenye kitundu nikajaza mafuta ya taa kwa sirinji ikala 76 cc, vikato vya valvu juu ya pistoni cc 6, gasketi cc 8.5, pengo la ile 0.6 mm cc 5, jumla cc 95.5, na ujazo wa silinda moja cc 727. Yaani (727 + 95.5) gawanya kwa 95.5, inakuja 8.6 kwa 1 tu. Nguvu kwa makadirio inashuka kama asilimia 4, sio msiba. Kemshafti kali (shafti ya kufungua valvu iliyotengenezwa kwa ajili ya mizunguko ya juu) siiweki tena, lori linataka toki, yaani nguvu ya kuvuta, kwenye mizunguko ya chini bwana.