Bledi za turbini: chembe za kawaida, chembe ndefu au fuwele moja?

Mtambo_Kazi: Wakuu, naomba tulinganishe. Bledi (panga linalosukumwa na gesi ya moto) ya turbini ya gesi ya aloi ya nikeli inasubiwa kwa njia tatu: chembe (fuwele ndogondogo zinazounda metali) zilizokaa ovyo, chembe ndefu zilizolala kwa urefu wa bledi, au fuwele moja isiyo na mipaka ya chembe. Darasani tulifundishwa chembe ndogo ndizo zenye nguvu. Mbona huku wanazikimbia?

Kalibu: Mkuu, hiyo ni kweli kwa metali baridi. Joto likipanda, atomi hupita kwenye mipaka ya chembe kwa wepesi, chembe huteleza, na metali hurefuka polepole hata mzigo usipoongezeka. Hiyo ndiyo kripu. Katika kripu ya Coble, yaani ile ambayo atomi husafiri kupitia mipaka ya chembe, ukipunguza kipenyo cha chembe kwa nusu, kasi ya kurefuka hupanda mara 8.

Sasa tazama mwelekeo. Mzunguko unaivuta bledi kuelekea nchani. Mpaka uliokatiza mvuto huo huota vishimo, vishimo vikaungana, ufa ukaanza. Kwenye hadubini unaviona vimejipanga kwenye mipaka ya kukatiza, huku ile inayofuata mvuto ikiwa mizima. Kwa sababu hiyo Frank VerSnyder na wenzake wa Pratt & Whitney, kampuni ya injini za ndege, miaka ya 1960, walizilaza chembe zifuate mvuto.

BintiAloi: Msisahau kwamba chembe hizo ndefu hukua kwa mwelekeo ambao nikeli hunyumbuka kirahisi zaidi. Injini ikiwashwa na kuzimwa, mkazo wa joto huwa mdogo, nyufa za uchovu (zinazoletwa na mkazo wa kujirudia) huchelewa. Kwangu hilo lina uzito sawa na kripu.

Tanuri: Fuwele moja inazidi hapo. Elementi za boroni na hafni huwekwa kwenye aloi kuimarisha mipaka. Mipaka ikiondoka unazipunguza, na joto la kuanza kuyeyuka linapanda. Lakini chembe ngeni ikijipenyeza wakati wa kusubu, mpaka wake hauna kinga ya kutosha. Bledi hiyo haifai.

Mtambo_Kazi: Na diski, gurudumu linaloshika bledi, je?

Kalibu: Diski iache na chembe ndogo. Joto lake ni la chini kuliko la bledi, adui wake mkubwa ni uchovu.

BintiAloi: Kwa mitambo mikubwa ya umeme nachagua chembe ndefu. Bledi ikiwa kubwa, kuipata fuwele moja isiyo na kasoro ni kazi ngumu na ghali. Bledi za safu za nyuma, kwenye joto pungufu, chembe za kawaida zinatosha.