Kwa nini milinganyo ya Einstein mpaka ikadiriwe?

mwanafizikia_mdogo: Wakuu habari za jioni. Milinganyo ya Einstein ipo kamili tangu 1915, lakini kila nikisoma kuhusu nyota mbili zinazozungukana nakuta watu wanakadiria tu, wanaanza na Newton halafu wanaongeza visahihisho kidogo kidogo, na eti mawimbi ya mvutano yanaanza kugusa mwendo kwenye kipeo cha tano cha v/c (kasi ya nyota kugawanya kwa kasi ya mwanga). Kwa nini wasitatue moja kwa moja? Na hiyo tano imetoka wapi, mbona sio tatu?

FundiSaa: Mkuu, gimba moja tu lina jibu kamili, la Schwarzschild la 1916. Yakiwa mawili yanazungukana hamna aliyewahi kuliandika, maana mvutano nao unazaa mvutano, huwezi kujumlisha majibu mawili ukapata la tatu. Ndo unatafuta namba ndogo ya kushikilia, kasi kwa kasi ya mwanga. Ile palsa (nyota ya nyutroni inayotuma mapigo ya redio, inazungukana na nyota nyingine) waliyoigundua Hulse na Taylor 1974 inakwenda kilomita mia kadhaa kwa sekunde, kwa hiyo v/c ni kama 1/1000 na kila kipeo kinachofuata ni kidogo mnoo.

Sasa hiyo tano. Vipeo shufwa (2, 4) ukirudisha muda nyuma havibadiliki, vinageuza obiti (kama zile sekunde 43 za tao kwa karne za sayari ya Zebaki) ila nishati haipotei. Nishati inavuja kwa mawimbi kwenye witiri (3, 5). Kwenye umeme uvujaji unaanzia tatu, huku tatu inajifuta kwa sababu ingetegemea momentamu ya mfumo mzima ibadilike, na yenyewe haibadiliki. Inabaki tano.

bint_hesabu: Naongezea tu kwamba haikukubalika kirahisi hivyo. 1976 mwanafizikia Ehlers na wenzake waliandika wazi kwamba fomula ya Einstein ya mionzi (nishati kiasi gani inachukuliwa na mawimbi ya mvutano) haijathibitishwa vizuri kwa magimba yanayoshikiliwa na mvutano wao wenyewe, na walikuwa na haki kabisa kuuliza. Miaka ya 80 mwanzoni Damour na Deruelle wakapiga hesabu ya mwendo mpaka hicho kipeo cha tano na obiti ikasinyaa yenyewe ndani ya hesabu. Palsa inazunguka kwa saa 7.75, na muda huo unapungua kama mikrosekunde 76 kila mwaka, vipimo na hesabu havipishani hata asilimia moja. Mimi hiyo kazi naiheshimu sana.

mwanafizikia_mdogo: Aisee nimeelewa sasa, asanteni sana. Na yale mashimo meusi yaliyogongana, ambayo mawimbi yake yalinaswa 2015, je?

FundiSaa: Pale mwishoni yanakaribia nusu ya kasi ya mwanga, makadirio yanachoka, ndo kompyuta inashika, Pretorius alifungua hiyo njia 2005. Ila zile nyota mbili za nyutroni zilizogongana, zilizonaswa Agosti 2017, ishara yake ilidumu kama sekunde 100, na sehemu kubwa ni makadirio haya haya yaliisoma. Anza na Dunia na Jua, piga mwenyewe kwa fomula ya Einstein nishati inayovuja kwa mawimbi, ukipata kama wati 200 ujue uko sawa.