Naombeni ushauri: stendi ya ngazi moja ya kutengenezea bia nyumbani, nichomelee au nifunge kwa bolti?

KimeaCheupe (mwanzisha uzi)
Wakuu, habari za leo. Niko Minneapolis, Marekani. Natengeneza bia yangu nyumbani, lita 19 kwa mpigo, juu ya jiko la jikoni. Sasa nataka kuhamia lita 38 na kufanyia kazi nje, kwa kutumia keg tatu, yaani mapipa ya bia ya chuma cha pua, zilizokatwa juu, zile za galoni 15.5 (karibu lita 59). Moja ya maji ya moto, moja ya kulowekea kimea, moja ya kuchemshia.

Wengi huku huzipanga kwa ngazi tatu ili maji yashuke yenyewe. Mimi sitaki. Keg ya juu inakaa usawa wa kichwa ikiwa na maji ya nyuzi 77, na nina watoto wadogo wanaocheza uani. Nataka zote tatu zikae usawa mmoja, kuhamisha kufanywe na pampu.

Nilipokwama: nichomelee au nifunge bolti? Stendi iwe na kimo gani? Pampu moja inatosha au mbili? Kuna duka hapa linauza skwea paipu za zinki kwa bei nzuri, nimezitamani. Na msimu wa baridi nawaza kuiingiza stendi gereji.

FundiGerezani
Mkuu, niko Dar. Bia siifahamu, chuma ndiyo kazi yangu. Hizo paipu za zinki ziache dukani. Zinki ikiungua kwenye kuchomelea inatoa moshi mweupe, ukiuvuta usiku unapata homa na kutetemeka kama una malaria. Na hata ukifunga kwa bolti, moto wa jiko utaunguza ile zinki. Chukua chuma cheusi, inchi moja na nusu, unene wa milimita 2, kinatosha kabisa.

Piga hesabu ya uzito kwanza. Keg tupu ni kama kilo 13, na lita 50 za maji ni kilo 50. Zikijaa zote tatu unakaribia kilo 190, na zimo kwenye mwendo wa kuchemka. Miguu isiwe minne tu, ongeza miwili katikati, maana fremu ya karibu mita mbili itabonyea.

Usichomelee kona moja ukaimaliza. Shika zote kwa nukta, pima kwa futi kutoka kona hadi kona kwa mshazari, vipimo viwili vikilingana ndipo uchomelee, ukibadilisha upande kila mara. Chuma kikipata joto upande mmoja kinavuta, na stendi iliyopinda haitakaa sawa mpaka uikate upya. Jambo jingine ambalo wengi hawalijui: paipu ukiziba ncha zote mbili, toboa kitundu kidogo upande wa chini. Hewa na unyevu uliofungiwa ndani ukipashwa moto unaweza kupasua paipu.

MwanaMarangu
Kaka, samahani nikuulize kabla hujanunua chuma: huko inaruhusiwa? Kwetu mbege inapikwa nyumbani tangu enzi za mabibi, lakini nchi ya watu ni nchi ya watu.

KimeaCheupe
Asante kwa kujali, dada. Inaruhusiwa. Rais Jimmy Carter alisaini sheria hiyo Oktoba 1978. Mtu mzima mmoja galoni 100 kwa mwaka, nyumba yenye watu wazima wawili au zaidi galoni 200. Kuuza ndiyo marufuku. Kila jimbo lina lake pia. Alabama na Mississippi waliruhusu mwisho kabisa, mwaka 2013.

HopsiNyingi
Mimi niko Houston na stendi ya aina hiyo ninayo. Kuhusu kimo, usiipandishe. Watu wanajenga sentimita 90 kama meza ya jikoni, halafu keg yenyewe ina kimo cha karibu sentimita 60, kwa hiyo mdomo wake unafika mita moja na nusu. Hapo huoni ndani, na unakoroga kimea huku mikono imeinuliwa juu ya mvuke. Sentimita 55 hadi 60 za stendi zinatosha. Kutoka katikati ya keg moja hadi katikati ya nyingine acha sentimita 60, ili mpini wa valvu usiungue kwa moto wa jirani.

Usiishushe sana pia, kwa sababu ya pampu. Hizi pampu za sumaku hazivuti hewa, maji lazima yazifikie yenyewe. Kwa hiyo pampu ikae chini ya valvu ya keg, na mpira ushuke moja kwa moja bila kupanda na kushuka, la sivyo hewa itanasa hapo na pampu italia tu. Ukitaka kupunguza kasi, funga valvu ya upande wa kutokea. Ukibana upande wa kuingilia, maji yaliyo karibu na kuchemka yanageuka mvuke ndani ya pampu na mtiririko unakatika. Weka pia bati kati ya jiko na pampu, na umeme wake utoke kwenye soketi inayojikata ikigusa maji.

BoltiTu
Siafikiani na kuchomelea. Kama nyumba ni ya kupanga, tumia engo zenye matundu, ufunge nati na bolti. Ukihama unafungua, unabeba garini. Sharti moja: weka vyuma vya mshazari nyuma na pembeni, maana bila hivyo inayumba.

FundiGerezani
Kwa vitu baridi nakubaliana nawe. Hapa chuma kinapata joto na kupoa kila wiki, bolti zitalegea. Akitumia bolti, aweke nati za kujifunga na azikaze kila kabla ya kuwasha moto.

HopsiNyingi
Pampu: ukimwaga maji ya kusuuzia kimea yote kwa mara moja, ukakoroga, ukatoa, moja inatosha. Ukitaka maji yaingie juu taratibu huku maji yenye sukari ya kimea yakitoka chini kwa wakati mmoja, unahitaji mbili. Anza na moja, ila chomelea kibao cha pili cha kufungia pampu sasa hivi, fremu ikiwa haina rangi.

MamaTaratibu
Jamani, mbona gereji imepitwa? Mimi ni muuguzi, hili silinyamazii. Jiko la gesi kubwa ndani ya gereji iliyofungwa linatoa kaboni monoksidi. Haina harufu, haina rangi, na mtu anaanza kwa kuumwa kichwa na usingizi akidhani amechoka. Nayo gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatuama sakafuni, ambako ndiko motoni. Kaka, pikia nje hata kama kuna theluji. King'amuzi cha kaboni monoksidi kiwepo ndani ya nyumba pia.

HopsiNyingi
Naunga mkono. Kwenye baridi kali presha ya mtungi inashuka, moto utakuwa mdogo, kwa hiyo tumia mtungi uliojaa. Na nimeona watu wakipitisha gesi ndani ya fremu yenyewe ya stendi. Usifanye hivyo: tundu dogo kwenye weldi moja na gesi inavuja mbele ya moto. Tumia bomba lake la gesi, kila kiungio ukipake povu la sabuni kabla ya kuwasha.

KimeaCheupe
Nimewaelewa, na nimebadili mchoro. Chuma cheusi, miguu sita, kimo sentimita 58, pampu moja na kibao cha pili. Nyumba ni yetu, kwa hiyo nachomelea. Gereji itakuwa ya kuhifadhia tu. Fundi, swali la mwisho: magurudumu niweke?

FundiGerezani
Weka manne ya pembeni, yenye breki, ya chuma au mpira mgumu, kila moja libebe kilo 100. Miguu ya katikati iwe na bolti ya kushusha mpaka iguse sakafu. Kabla ya kupaka rangi ya kuhimili joto, jaza keg zote maji baridi, ziache juu ya stendi usiku kucha, asubuhi weka pimamaji kila upande. Na ukiwa na maji ya moto juu yake, usiisukume hata hatua moja.