Mjadala: Je, Sherine Abdel Wahab alistahili kushtakiwa kwa mzaha kuhusu maji ya Mto Nile?

Naufungua mjadala huu kwa kueleza wazi upande nilioko, ili anayetaka kunipinga ajue pa kuanzia. Naamini kwamba mwimbaji wa Misri, Sherine Abdel Wahab, hakupaswa kufikishwa mahakamani wala kufungiwa kuimba kwa sababu ya maneno aliyoyatamka jukwaani, na kwamba aliyekosea zaidi katika kisa chake ni chama cha wanamuziki ambacho wajibu wake wa kwanza ulikuwa kumtetea.

Kwa wasiokijua kisa chenyewe, Sherine alizaliwa Cairo mwaka 1980, akapata umaarufu mwaka 2002 kupitia albamu aliyoitoa pamoja na mwimbaji mwenzake Tamer Hosny, na miaka kumi baadaye alikuwa mmoja wa majaji wa toleo la Kiarabu la shindano la uimbaji la The Voice. Mnamo Novemba 2017 ilisambaa video ya tamasha alilofanya nje ya Misri. Shabiki mmoja alimwomba aimbe wimbo wake unaoisifu nchi kwa kumuuliza msikilizaji kama hajawahi kunywa maji ya Nile, naye akajibu kwa mzaha kwamba anayeyanywa atapata kichocho, afadhali anywe maji ya chupa ya Evian. Chama cha wanamuziki kikamsimamisha, na mashtaka yakafunguliwa dhidi yake. Februari 2018 mahakama moja ya Cairo ilimhukumu kifungo cha miezi sita kwa kosa la kueneza habari za uongo, ikampa dhamana akisubiri rufaa, na Mei mwaka huohuo mahakama ya rufaa ikamwachia huru. Wakati huo wote alikuwa ameshaomba radhi hadharani.

Wanaomlaumu husema kwamba aliidhalilisha nchi yake mbele ya wageni, na hoja hiyo siidharau. Misri isingekuwapo bila mto huo, na mwaka 2017 nchi ilikuwa bado inahangaika kuwarudisha watalii waliokimbia baada ya ndege ya abiria ya Urusi kulipuliwa juu ya Sinai mwezi Oktoba 2015. Mtu ambaye mkate wake unategemea hoteli za Luxor au boti za Aswan alikuwa na haki kamili ya kukasirika. Lakini kukasirika ni jambo moja, na kumpeleka mtu gerezani ni jambo jingine kabisa, na sioni ni kwa njia gani hasira ya watu wengi, hata ikiwa ya haki, inaweza kugeuka kuwa kosa la jinai.

Zaidi ya hapo, shtaka lenyewe lilidai kwamba maneno yake yalikuwa habari za uongo. Kichocho kimeishi katika bonde la Nile tangu enzi za Mafarao, kwani mayai ya minyoo yake yamekutwa ndani ya maiti zilizohifadhiwa za Misri ya kale, na daktari Mjerumani Theodor Bilharz, ambaye ugonjwa huo, unaoitwa pia bilharzia, umepewa jina lake, aliwagundua minyoo hao akifanya kazi Cairo mwaka 1851. Katika karne ya 20 serikali iliwadunga wananchi mamilioni ya sindano za kutibu kichocho, na kwa kuwa sindano hazikuchemshwa ipasavyo, kampeni hiyo ikasambaza homa ya ini aina ya C kwa kiwango ambacho Misri ilihangaika nacho kwa miongo mingi. Ni kweli kwamba leo dawa zimeupunguza ugonjwa huo sana, na kwamba hauambukizwi hasa kwa kunywa maji bali kwa ngozi kugusa maji yenye vimelea, kwa hiyo daktari angeweza kumsahihisha Sherine kwa sentensi mbili na jambo likaisha.

Kinachonisikitisha zaidi ni kwamba ugonjwa huohuo ndio uliomuua mwimbaji wa Misri Abdel Halim Hafez. Aliupata akiwa mtoto kijijini, ukamharibu ini, akafariki London mwaka 1977 akiwa mwimbaji anayependwa kuliko wanaume wote wa kizazi chake, na mazishi yake yakajaza barabara za Cairo. Taifa lililomlilia Abdel Halim kwa namna ile lingeweza kuusikia mzaha wa Sherine kama kidonda cha nyumbani kilichoguswa vibaya, na likamkemea kama ndugu anavyomkemea ndugu.

Sasa nije kwenye chama. Nchini Misri mtu hawezi kuimba kihalali mbele ya hadhira ya kulipia bila uanachama au kibali cha chama cha wanamuziki, jambo linalowapa viongozi wake mamlaka juu ya riziki ya kila mwimbaji. Wakati wa sakata hili kiongozi wake alikuwa Hany Shaker, ambaye naye ni mwimbaji mashuhuri. Machi 2019, Sherine alipokuwa Bahrain, alisema jukwaani kwamba hapo anaweza kuzungumza kwa uhuru, kwa maana Misri anayezungumza hufungwa. Chama kilimjibu kwa kumpiga marufuku kuimba na kumwita ahojiwe, na hakuna ushahidi ambao ungeweza kuyathibitisha maneno yake vizuri kuliko adhabu hiyo. Aliomba radhi tena, na baadaye marufuku ikaondolewa. Mwaka uliofuata chama hichohicho kilipiga marufuku muziki wa mahraganat, ambao vijana wa mitaa ya kimaskini waliubuni bila kumwomba mtu ruhusa, baada ya wimbo uliotaja pombe na bangi kuimbwa katika Uwanja wa Cairo.

Wapo watakaosema kwamba hayo ni ya Waarabu, hayatuhusu. Yanatuhusu. Machi 2017 Nay wa Mitego alikamatwa Tanzania kwa sababu ya wimbo, akaachiwa baada ya Rais Magufuli mwenyewe kuagiza hivyo, na mwishoni mwa mwaka 2018 Baraza la Sanaa la Taifa liliwafungia Diamond Platnumz na Rayvanny kufanya maonyesho kabla ya kulegeza adhabu hiyo muda si mrefu baadaye. Wengi walishangilia pale Rais alipoingilia kati, lakini uhuru unaotegemea mkubwa kuamka na moyo mwepesi hauna uhakika wa kufika kesho yake.

Naomba pia tusiyachanganye mambo. Kila jina la Sherine linapotajwa, watu huleta ndoa yake na Hossam Habib, nywele alizonyoa baada ya talaka ya mwaka 2021, na kulazwa kwake hospitalini mwaka 2022, kana kwamba majonzi ya mwanamke huyu yanathibitisha kwamba kauli zake za awali zilikuwa za mtu asiye timamu. Wanaume wengi wa muziki wa Kiarabu wamekunywa, wameoa na kuacha, na hakuna aliyeyatumia hayo kuhukumu haki yao ya kusema.

Mtazameni badala yake alipopanda jukwaa la tamasha la Mawazine jijini Rabat mwezi Juni 2025. Alianza kwa kufuatisha sauti iliyorekodiwa, na hadhira iliyolipa kumsikia akiimba ikamzomea mpaka akaimba kwa sauti yake halisi. Kosa hilo lilikuwa la kikazi, waliokosewa walikuwapo, na walimdai haki yao palepale bila polisi wala barua ya chama.

Kwa hiyo nawauliza hasa wanaotetea mamlaka ya vyama na mabaraza: ni neno gani la mwimbaji, lisilochochea kuumiza mtu, ambalo hadhira haiwezi kulijibu yenyewe hadi kibali chake cha kazi kichukuliwe? Na likiwapo, nani aliamue, kwa ushahidi gani, na mwimbaji aliyefungiwa akate rufaa wapi kabla matamasha yake ya mwaka mzima hayajapotea?