Mjadala: Majina mafupi ya vikoa (anwani za tovuti) yashikwe na mamlaka au yaachiwe anayewahi?

Mlima_Rungwe
Shikamooni wakubwa, wenzangu habari za huko. Chama chetu cha wakulima wa viazi huku Rungwe kinajulikana kwa herufi tatu tangu gunia la kwanza tulilolipiga chapa. Mwezi uliopita tukakubaliana kufungua tovuti tuuze wenyewe hadi Dar. Kufika kwa msajili, herufi zetu zimeshachukuliwa. Ukizifungua hukuti duka wala habari, ni ukurasa mtupu wenye namba ya simu. Nikapiga. Kijana akanitajia bei inayozidi mbegu na mbolea ya msimu mzima.

Hoja yangu ni hii. Herufi ni 26. Majina ya herufi moja ni 26, ya mbili 676, ya tatu 17,576. Yakiisha yameisha. Kitu kichache namna hii mamlaka ikishike, halafu impe anayeonyesha kazi atakayokifanyia. Mnaonaje?

Mwanjelwa77
Pole kaka, ila dawa hiyo ilishanywewa na mgonjwa hakupona. Desemba 1993 Jon Postel, aliyekuwa akisimamia majina ya intaneti, alizuia herufi moja moja zote zilizokuwa zimebaki kwenye .com, .net na .org. Sita tu zilikuwa na wenyewe, wakaachiwa, x.com na z.com zikiwamo. Nia ilikuwa kuacha akiba, ili .com ikifurika igawanywe kwa herufi. Haikugawanywa. Aliyefaidika ni aliyekuwa ndani mlango ulipofungwa: z.com ikauzwa mwaka 2014 kwa yeni milioni 800. Ukizuia, unampandishia bei aliyewahi. Chama chenu hakikuwahi, basi. Kukosa herufi tatu hakuozeshi viazi.

Mlima_Rungwe
"Hakikuwahi, basi"? Ndugu yangu, jina hilo lilikuwa kwenye magunia yetu huyo kijana akiwa shule ya msingi. Hatukulala. Mwaka ambao watu wa mjini mlikuwa mnasajili majina, sisi kupiga simu tulikuwa tunapanda kilimani kutafuta mtandao. Usiniambie habari ya kuwahi kana kwamba tulianzia mstari mmoja.

Soweto_Sheria
Nyote mnazunguka. Tazameni ardhi. Hapa kwetu ardhi ni ya umma, wewe unapewa haki ya kuitumia kwa masharti. Ukikaa na kiwanja bila kukiendeleza, hati inaweza kufutwa. Kwa nini jina la kikoa liwe tofauti? Lipia, litumie, usipolitumia lirudi. Hapo huhitaji kushika chochote kabla.

Halafu Mlima_Rungwe, kuna njia ya shauri. Tangu 1999 majina kama .com yana utaratibu wa kimataifa wa kuamua migogoro ya majina, unaoitwa UDRP. Mlalamikaji anathibitisha mambo matatu: jina linafanana na alama yake ya biashara, aliyelishika hana haki nalo, na alilisajili na kulitumia kwa nia mbaya. Kutaka kuliuza kwa mwenye alama kwa bei kubwa kuliko gharama zake ni moja ya dalili za nia mbaya. Je, alama yenu mlisajili?

Mlima_Rungwe
Hatukusajili. Tulipiga chapa tu.

Mwanjelwa77
Sheria, viwanja visivyoendelezwa mjini hapa unavijua wewe kuliko mimi. Vimefutwa vingapi? Na nani atapima "kutumia" jina? Ukurasa mmoja wenye picha ya kiazi unatosha? Mimi nasajilia watu majina kila wiki, mlanguzi atajaza ukurasa huo kwa dakika kumi.

Mwana_Kilolo
Kamwene. Mimi naona mlanguzi hana kosa. Nakumbuka Google walinunua herufi mbili kutoka kwa wakulima wa Marekani kwa mamilioni ya dola. Wakulima kabisa! Wale nao walikuwa walanguzi?

Mwanjelwa77
Si Google, ni Facebook. fb.com ilikuwa ya American Farm Bureau, wakaiuza mwaka 2010 kwa dola milioni 8.5. Ile ndiyo akili ya biashara. Mkulima wa kwetu anashonewa lumbesa shambani anatazama, gunia linaondoka na mwili na kichwa kwa bei ya mwili, halafu anakuja kulilia herufi tatu.

MamaIlula
Nilikuwa nasoma kimya, sasa nimekasirika. Wewe mdogo wangu wa Mwanjelwa, umewahi kusimama shambani saa kumi na mbili jioni, mzigo umeshavunwa, lori ni moja, na dalali anakuambia "ongeza nyavu au naondoka"? Anatazama, unasema. Nimelea watoto wanne kwa vitunguu na viazi. Sikuwahi kutazama. Nililia.

Mwana_Kilolo
Mama yuko sahihi. Na gunia kisheria halitakiwi kupita kilo 100. Tunalijua sote, na dalali analijua.

Mwanjelwa77
Mama, shikamoo. Baba yangu alilima Uyole, nimeshona magunia hayo kwa mkono wangu. Sikusema kwa dharau. Nilisema kwa sababu yananiuma: tunakubali kipimo cha mnunuzi kila mahali.

MamaIlula
Marahaba. Basi ungesema hivyo tangu mwanzo. Neno "anatazama" halikuwa la kuandika.

Soweto_Sheria
Turudi kwenye majina. Ujerumani, DENIC, wasimamizi wa majina ya .de, ilikuwa imezuia herufi mbili, Volkswagen ikakosa vw.de. Ikaenda mahakamani Frankfurt, ikashinda mwaka 2008. Oktoba 2009 mlango ukafunguliwa kwa wote, na kanuni ikawa anayewahi. Waingereza wao mwaka 2011 walitanguliza wenye alama za biashara, yaliyobaki wakayapeleka mnadani. Mwaka 2019 ICANN, shirika linaloratibu majina ya intaneti duniani, nayo ikakubali o.com peke yake ipigwe mnada, mapato yaende kwa mashirika yasiyo ya faida. Kwa hiyo kushika na kuachia vyote vinawezekana, swali ni…

Mwana_Kilolo
Swali ni nani anashinda mnada. Si chama cha Rungwe. Hata vw.de, mlango uligongwa na mwenye mawakili.

Mlima_Rungwe
Ndiyo ninayosema! Anayewahi si sisi, anayepanda dau si sisi, anayeshtaki si sisi. Imebaki mamlaka kututunzia.

Mwanjelwa77
Na ofisini atakayekaa na orodha ya majina yaliyotunzwa ni nani? Huyo ndiye dalali mpya, kaka. Na huyu hana lori la kukimbilia mzigo mwingine, atakuwa peke yake. Mimi namwogopa kuliko yule kijana wa simu. Yule anataja bei waziwazi.

MamaIlula
Mimi majina siyajui, lakini hilo la dalali nalijua. Kikundi chetu cha akina mama tuliacha kubishana naye kwa mdomo. Tulichanga tukanunua mizani, tunapima mbele yake, tunaandika kwenye daftari, na majirani wanaona. Wa kwanza alisusa akaondoka. Wiki ya pili akaja mwingine akapima.

Soweto_Sheria
Mama umesema kitu kikubwa. Orodha ya majina yaliyoshikwa iwekwe wazi, nani ameomba, nani amepewa, kwa sababu gani.

Mwanjelwa77
Ikiwa wazi kwa kila mtu, hapo nalegeza. Lakini iwe wazi kabla ya kugawa.

Mlima_Rungwe
Ndaga, mama. Jumamosi tuna kikao. Habari ya jina nitawaambia tuongeze la wilaya mbele ya herufi zetu, litakuwa refu, na tusajili alama. Ila naomba kuuliza: mizani hiyo mlinunua wapi, na inabeba kilo ngapi? Na aliyekuja kuihakiki na kuipiga muhuri alitoka Iringa mjini au mlimpelekea?

MamaIlula
Inabeba 150. Tulipeleka wenyewe, tukaifunga kwa kanga kwenye basi isigongwe. Nitumie ujumbe, nikupe namba ya mwenyekiti wetu.