Mdhamini mkuu akiondoka mbio za magari zife? Mimi nasema kosa ni kumpa mtu mmoja mchezo mzima

Kamwene wadau. Nipo Ipogolo hapa Iringa, nimetoka gereji ya jamaa yangu anayekimbiza rali na nilichokiona kimenikaa rohoni ndo maana naleta mada. Alikuwa anabandua stika ya mdhamini kwenye boneti ya Subaru yake, anamwagia maji ya moto anakwangua taratibu na kipande cha plastiki, na pale stika ilipokuwa rangi ya bluu imebaki mpya kabisa wakati pembeni kote imepauka kwa jua na kokoto, yani jina la kampuni bado unalisoma kwenye rangi. Kampuni siitaji. Walimpigia simu tu wakasema mwaka huu bajeti hakuna, na simu ile ndo imemaliza msimu wake, maana tairi, mafuta, msoma ramani, malazi ya mafundi, vyote vilikuwa vinatoka mfuko mmoja.

Pale gereji ubishi ukawaka. Mmoja anasema mbio za magari ni za matajiri hela iende kwenye mpira, mwingine anasema bila kampuni moja kubwa huu mchezo hausimami. Mimi nawakatalia wote wawili.

Angalieni NASCAR, mashindano ya mbio za magari ya Marekani. Ilibebwa na sigara za Winston kuanzia 1971 mpaka 2003. Kilichowaleta ni sheria, mwaka huohuo 1971 matangazo ya sigara yalipigwa marufuku kwenye TV na redio kule, kampuni ina mkwanja na haina pa kutangazia, wakauhamishia kwenye magari. Na mwenye hela hakosi masharti, 1971 msimu ulikuwa na mbio 48, 1972 zikabaki 31, zile fupi za viwanja vidogo zikakatwa. Sisi watu wa mikoani tunajua hiyo inaumaje, unaamka asubuhi mashindano yamehamia mji mkubwa.

Baada ya Winston ikaja kampuni ya simu ya Nextel 2004, Nextel ikaungana na Sprint, kampuni nyingine ya simu, na jina la mashindano likabadilika 2008, nao wakatoka mwisho wa 2016, Monster Energy, wale wa kinywaji, akakaa 2017 mpaka 2019 basi. Hesabu misimu: 33, halafu 13, halafu 3. Kila anayekuja anakaa kidogo kuliko aliyetoka. 2020 wakaacha kuuza jina la mashindano, wakachukua wanne kwa mpigo, Coca-Cola, Busch, GEICO na Xfinity, na hakuna hata mmoja aliyewekwa kwenye jina. Mbio zipo mpaka leo. Hivyo ndivyo nataka rali zetu ziende, wengi wadogo, akitoka mmoja wenzake wanabaki.

Mdau wa Uyole: Mkuu mfano wako mzuri ila umeruka kitu, wale wana hela ya TV, ndo inayowashika. Chukua Ligi Kuu yetu, Vodacom walipotoka msimu wa 2018/19 ukachezwa bila mdhamini mkuu, timu 20, mechi 38 kila timu, sisi wa Mbeya tulikuwa na Mbeya City na Prisons zote uwanja wa Sokoine na ujue kutoka huku mpaka Kagera ni safari ya namna gani, basi, hoteli, posho. Ligi iliisha kwa tabu lakini iliisha, maana Azam walikuwepo upande wa matangazo. 2019 Voda wakarudi, wakatoka tena, 2021 wakaingia benki ya NBC. Rali nani ananunua matangazo yake? Usipokuwa na cha kuuza hata hao wanne huwapati.

Mdau wa Mafinga: Mnasahau Safari Rally ya hapo jirani. Imeanza 1953 ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, lakini baada ya 2002 ikatolewa kwenye ubingwa wa dunia na haikurudi mpaka 2021, na iliporudi ilikuwa serikali ya Kenya imeweka mkono. Kwa hiyo tuseme ukweli, mchezo huu ni wa serikali. Sisi tuna Mkwawa Rally, ina jina la chifu wetu, imeshahesabiwa kwenye ubingwa wa Afrika, kwa nini isisaidiwe kama timu ya taifa?

Mleta mada: Wa Mafinga hapo sikubali kaka, kijiji vumbi la rali linapopita zahanati haina dawa halafu hela ya umma iende kwenye tairi, hapana. Serikali ifunge barabara, ilete polisi na gari la wagonjwa, inatosha. Wa Uyole wewe umenigusa. Ni kweli rali haina geti, watu tunasimama kwenye migomba bure. Lakini siku ya rali mama lishe anamaliza ubwabwa saa sita, gesti zinajaa, maduka ya spea yanauza, hao ndo wenye faida na hakuna aliyewahi kuwafuata, wote tunakimbilia Dar kwenye ofisi za vioo. Wenye malori ya barabara ya Tunduma, watu wa mbao, watu wa chai Mufindi, kila mmoja alipe kidogo na mkataba useme anayetoka atoe taarifa msimu mmoja kabla, sio simu.

Jamaa yangu ameshaanza. Duka la spea la hapa mjini limempa tairi 2, mtu wa mbao anachangia mafuta. Stika zao ndogo amezibandika jana juu ya lile jina la zamani, hazijalifunika lote. Bado tairi 4. Mwenye duka anayesoma hapa aje tuongee.